Mwanga Unafika Kisogoni

Ndoo ilikuwa katikati ya ukumbi mrefu wa hospitali, ya buluu, maji ya sabuni yamefika nusu. Mfanyausafi alikuwa ameiacha hapo akaenda kufungua chumba kingine. Chiriku alikuwa amemshika mumewe kiwiko, lakini simu ilimlia ndani ya mkoba, akamwachia kidogo ili aizime. Mumewe aliendelea kutembea. Akaifikia ndoo, akapinda kulia, akaipita, akarudi katikati ya njia. Hapo akasimama kumngoja mkewe, kidevu amekiinua kama alivyozoea kukiinua tangu macho yazime.

Nyuma yao, kaka yake Chiriku naye alisimama.

"Umeona?" alisema. Hakupandisha sauti. "Chiriku, nakuuliza. Umeona?"

Alikuwa ameona. Angetoa chochote asiwe ameona.

"Kuna nini?" mumewe aliuliza, akigeuza uso upande ambao hakukuwa na mtu.

"Hakuna kitu. Twende, tumechelewa."

Jina la Chiriku alipewa na kaka zake tangu mdogo, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alipoolewa na dereva wa kreni, ambaye watu walimwita Mwewe kwa vile alishinda angani akitazama chini, walicheka mpaka wakashika mbavu: tangu lini mwewe akaoa chiriku, si huwa anamla? Aliyeshupalia utani huo kuliko wote ni Kitinda, mdogo wao wa mwisho. Na ni Kitinda huyohuyo aliyekuja baadaye, kofia mkononi, kumwomba shemeji yake amtafutie kazi. Mwewe akampeleka kwenye eneo la ujenzi, akafundishwa uelekezaji: kusimama chini na glavu za rangi ya chungwa, kumwashiria aliye juu ainue, ashushe, asimame.

Sasa Kitinda alikuwa kaburini. Furushi la nondo lilimshukia mchana kweupe. Mwewe aliteremka kutoka kwenye kibanda cha kreni ngazi kwa ngazi, bila kushikwa na mtu, akakaa kwenye mchanga, na mwenzake wa kwanza kumfikia alimsikia akiuliza, "Nani kazima taa?" Jua lilikuwa utosini.

Tangu siku hiyo haoni. Daktari wa macho alimulika, akasema macho ni mazima. Picha za kichwa zilipigwa, hakuna jeraha, hakuna damu iliyovilia. Basi maneno yakaanza, kwanza chinichini, kisha waziwazi: huyo anajifanya. Kampuni ilikuwa imeunda kamati ya uchunguzi, na fununu zilisema kamati inaelekea kuandika kwamba marehemu aliingia mwenyewe chini ya mzigo kwa uzembe wake. Mama yao alipolisikia hilo alijilaza akageukia ukuta, na hata uji alilazimika kubembelezwa. Mtu mmoja tu alikuwa juu akiona kila kitu, na kila alipoulizwa alijibu maneno yaleyale: "Sioni. Na nilichoona sikikumbuki."

Ndiyo maana kaka mkubwa, seremala, alifunga karakana yake siku hiyo akafuatana nao. Hakualikwa. "Nataka nisikie kwa masikio yangu," alimwambia Chiriku, "nisije kuletewa habari zilizopigwa pasi." Hilo lilikuwa dongo, maana Chiriku alifanya kazi kwenye duka la dobi, na kupiga pasi ndiko kulikomlisha.

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo, pazia zito limefunga dirisha. Palikuwa na kiti cha kuegemea, kompyuta juu ya meza ya magurudumu, na mbele ya kiti taa mbili bapa kama madaftari yaliyofunguliwa, moja kushoto na moja kulia. Mpimaji alikuwa mama mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Alimkalisha Mwewe, akamvisha kofia ya kitambaa yenye vitundu, na katika kila kitundu akaingiza jeli baridi na kibati cha waya.

"Katika ukoo wenu kuna mwenye kifafa?" aliuliza. "Mwanga wa kupepesa unaweza kukiamsha."

"Hakuna," Mwewe alisema.

"Ukisikia kizunguzungu sema mara moja. Mimi nitawasha taa zinazopepesa haraka sana. Ubongo wa mtu, ukipata mwanga wa kupepesa, nao huanza kupiga kwa mwendo uleule, huku nyuma kisogoni. Kofia inasikiliza mpigo huo. Wewe kaa tu, macho wazi."

"Na kama sioni?"

"Kaa tu, baba."

Taa zikaanza. Chiriku, aliyekalishwa kwenye benchi nyuma pamoja na kaka yake, alifumba macho mara moja. Mwanga ulimgonga kama mtu anayepekua kitabu usoni mwake. Alipoyafumbua alitazama kioo cha kompyuta. Mistari ilikuwa ikitetemeka ovyo. Mpimaji alivaa miwani, akabofya, mistari ikajikusanya ikawa mchoro mmoja uliolala chini kama uwanja, na katikati ya uwanja kikasimama kilele chembamba, kirefu, kama mlingoti.

Seremala aliinuka kabla hajaambiwa kitu.

"Huo ni nini?"

"Ni jibu la ubongo wake kwa taa," mpimaji alisema. "Ni zuri. Njia yote kutoka jichoni mpaka kisogoni ni salama."

"Kwa hiyo anaona."

Mwewe alikuwa ameshika mikono ya kiti, na Chiriku aliona vidole vyake vikibadilika rangi. Kisha mumewe akauliza, kwa sauti ndogo, "Maana yake kunaweza kurudi? Kuona?"

Chiriku alikuwa amelala ubavuni mwa mtu huyu miaka mingi. Alijua sauti yake ya furaha na sauti yake ya njaa. Hii ilikuwa sauti ya mtu aliyeambiwa mlango aliouegemea haukufungwa kwa komeo. Alikuwa anaogopa.

"Shemeji," seremala alisema, "mimi sikuja kugombana. Kule nje umeizunguka ndoo. Hapa mashine inasema unaona. Mama yangu hali chakula. Mdogo wangu anaitwa mzembe na hana mdomo wa kujitetea. Wahenga walisema macho hayana pazia. Sema tu ulichoona, basi."

"Sioni, shemeji."

"Ndoo je?"

"Ndoo gani?"

Seremala alicheka, kicheko kikavu kisichofika machoni. Mpimaji akageuza kiti chake.

"Macho hayana pazia, ni kweli," alisema. "Pazia liko nyuma zaidi. Keti, nikueleze, kisha ukitaka kukasirika ukasirike. Mwanga umefika kwake. Kufika ni jambo moja. Mgeni anaweza kugonga mlango mpaka ngumi zimuume, na mwenye nyumba yumo, lakini hamsikii. Na kuna watu ambao miguu yao hukwepa kitu ambacho wao wenyewe hawajui kipo. Nimewaona si mara moja. Sasa nitafanya sehemu ya pili."

Alizirekebisha taa, ya kushoto ikapepesa polepole kuliko ya kulia, kila moja na mwendo wake, ili kofia iweze kuzitofautisha. Akamwambia Mwewe aelekeze akili upande wa mkono wa kushoto. Wakangoja. Kisha upande wa kulia. Wakangoja tena. Kwenye kioo vilisimama vilele viwili, na havikubadilika, huku wala kule.

"Mtu wa kawaida," mpimaji alisema, "akielekeza akili kushoto, kilele cha kushoto kinapanda na cha kulia kinashuka. Kwake havisogei. Mwanga unaingia, lakini hakuna anayeushika."

"Au hataki kuushika," seremala alisema.

Mpimaji alivua miwani. "Au hataki. Hilo mashine haiwezi kujua. Inapima mpigo wa ubongo tu, uongo haiujui. Atakayekuambia inaujua anakudanganya."

Chiriku alijiona akikata tamaa, na kukata tamaa huko kulimshangaza. Hapo ndipo alipotambua kwamba tangu mazishi alikuwa anaombea mumewe awe mwongo. Angekuwa mwongo, Chiriku angeweza kumchukia. Angefunga nguo zake akarudi kwa mama yake, akalia kifo cha Kitinda upande mmoja tu wa kitanda, bila kulazimika kumshika kiwiko mtu ambaye mkono wake ndio uliovuta wenzo wa kreni.

"Niwekeni mimi," seremala alisema.

"Nini?"

"Nivisheni hiyo kofia. Mimi ni mtu wa kupima. Ubao ukiniambia ni sawa, naupima tena. Nataka kuona mtu anayeona anakuwaje."

Mpimaji alimtazama kitambo, akatazama saa ya ukutani, akavuta kiti cha pili. Mwewe aliachwa pale alipo, kofia kichwani, waya zimechomolewa. Seremala alivishwa kofia nyingine; jeli ilipogusa nywele zake zenye vumbi la mbao alikunja uso kama mtoto anayeoshwa.

"Tazama nukta ya katikati," mpimaji alimwambia. "Macho yasihame. Lakini kwa akili yako ifuate taa ya kushoto. Itafifia mara chache, ghafla. Kila ikififia, gonga kidole."

Taa zikaanza. Seremala aliganda kama anayelenga msumari. Kidole kiligonga. Kikagonga tena. Upande wa kulia, taa ya pili ilibadilika ikawa ya kijani. Chiriku aliiona kutoka nyuma. Hata ukuta uliguswa na ukijani. Ikarudi nyeupe. Ikawa kijani tena, kwa muda mrefu zaidi. Kidole cha kaka yake kikagonga kwa ajili ya taa ya kushoto.

Mpimaji alizima.

"Umepata zote," alisema. "Taa ya kulia ilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe. Zote nyeupe."

"Ilibadilika?"

"Haikubadilika."

"Kaka," Chiriku alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie, "ilikuwa kijani. Mara mbili."

Seremala aligeuka, waya zikamvuta kichwa. Alimtazama dada yake kuona kama anatania. Mpimaji alimwonyesha kwenye kioo: kilele cha kushoto kimepanda juu, cha kulia kimeshuka, lakini kipo, kidogo, kimesimama. "Huu hapa mwanga wa kulia," alisema. "Ulifika kichwani kwako muda wote. Macho yako yalikuwa wazi na taa iko mbele yako. Wewe ulikuwa kushoto."

"Rudia," seremala alisema.

Akarudia. Safari hii, kwa kuwa alijua, aliukamata ukijani, lakini akakosa kufifia kwa taa ya kushoto. Alikaa akiutazama mkono wake uliolala pajani, kidole bado kimenyanyuka.

Hapo ndipo Mwewe alipoanza kusema. Hakugeuza uso kwa mtu yeyote.

"Upepo ulikuja kutoka nyuma," alisema. "Furushi likaanza kuzunguka. Upande wa jukwaa kulikuwa na wapiga lipu watatu, migongo imenielekea, redio yao inaimba. Ncha za nondo zinawaendea. Nikawa na wao. Nikawa nahesabu kichwani, nikishusha kidogo litapita chini ya miguu yao, nikichelewa litawafagia. Nikashusha."

Kaka yake alisogea ukingoni mwa kiti.

"Na yeye?" seremala aliuliza.

"Alikuwa ameingia kuondoa gogo. Kuna mtu aliliacha gogo pale ambapo mzigo ungetua; ukilikalia, ungepinduka. Ilikuwa kazi yake kuliondoa. Hakuingia kwa uzembe. Mkono wake ulikuwa juu, shemeji. Simama. Umenyooka kabisa, na glavu. Ulikuwa mbele ya kioo changu muda wote. Niliuona, na sikuuona. Nilikuja kuuona baadaye, mzigo umeshatua. Ule mkono nauona sasa hivi. Ndicho kitu pekee ninachoona. Watu wananiuliza unaona nini, nasema sioni, kwa sababu nikisema naona, nitaambiwa eleza."

"Muda wote huu ulikumbuka," Chiriku alisema.

"Ndiyo."

"Ukaniambia hukumbuki. Mimi, ninayekulisha kwa kijiko."

"Kukumbuka nilikudanganya," Mwewe alisema. "Giza sikukudanganya, mke wangu. Hilo sijui nikuapie kwa nini."

Mpimaji alikuwa amesimama kando ya meza, mkono juu ya kompyuta, kama mtu aliyekutwa sebuleni kwa watu wakati usiofaa.

Seremala alianza kuchomoa vibati kutoka kichwani mwake, kimoja kimoja. Kimoja kilimkatalia, akakivuta na nywele. Akasimama mbele ya Mwewe, karibu sana, mpaka Chiriku naye akainuka, maana aliijua ile mikono. Iliwahi kuvunja ubao wa mninga kwa hasira.

"Alikuwa anakuambia simama," kaka yake alisema.

"Ndiyo."

"Na akili yako iko kwenye jukwaa."

"Walikuwa watatu."

"Najua walikuwa watatu. Mmoja wao alikuja msibani akala akaondoka." Jeli ilimtiririka kutoka kipajini, hakuifuta. "Utayasema haya mbele ya kamati?"

"Nitayasema."

"Hata wakikufunga?"

"Wakinifunga, shemeji, angalau nitajua niko wapi."

Seremala aliinua mkono. Chiriku alipiga hatua. Mkono ulitua juu ya kofia ya waya, ukabaki pale, mzito, na hakuna aliyejua kama ni baraka au ni mtu anayejizuia asianguke. Kisha akauondoa, akatoka, akauacha mlango wazi. Walisikia viatu vyake kwenye ukumbi, halafu ndoo ikipigwa teke, maji yakimwagika, na sauti yake ikimwomba mfanyausafi radhi.

Kamati ilikaa juma lililofuata. Mwewe aliongozwa na mkewe mpaka kwenye kiti, akaeleza yote, gogo, upepo, jukwaa, mkono. Waliuliza maswali ya kumnasa, hakunasika, kwa kuwa hakuwa anajitetea. Mpimaji naye aliandika alichokipima na alichoshindwa kukipima. Mwisho kamati ilikiri kwamba siku ya upepo ule watu hawakupaswa kuwa jukwaani, na kwamba mwelekezaji wa pili, aliyetakiwa kuwapo, hakuwapo. Jina la Kitinda likasafishwa. Leseni ya Mwewe ya kuendesha kreni ikachukuliwa, naye hakuikatia rufaa. Kufungwa hakufungwa.

Mama aligeuka kutoka ukutani akaomba uji. Chakula kigumu kilichukua muda.

Macho nayo hayakurudi kama taa inavyowashwa. Mpimaji alimtaka aje kila wiki, na kila wiki alimkalisha mbele ya taa, akimsomea vilele vyake: leo kushoto kumepanda unywele, leo hakuna kitu, usijali. Siku moja Mwewe alisema kuna wekundu chini ya mlango. Siku nyingine aliona mvuke wa pasi ya mkewe lakini si mkewe. Chiriku hakujua aamini lipi. Kuna asubuhi alizoamka amemsamehe, na ikifika saa ya chai msamaha umekwisha, anaanza upya. Alirudi kusema sana, lakini dukani kwa wateja. Nyumbani alisema la lazima. Kulala walilala kitanda kimoja.

Kaka yake hakukanyaga kwao. Alituma salamu kupitia kwa mama, na salamu zilimtaja dada tu.

Kisha Jumapili moja, saa za alasiri, alitokea mlangoni bila hodi. Chiriku alikuwa amekaa sakafuni akikunja nguo. Alimwona kaka yake, akaona alichovaa: lilikuwa shati la Kitinda, lile la mistari, ambalo mikono yake mwenyewe ilikuwa imelipiga pasi kila mwisho wa mwezi. Mwembamba alikuwa Kitinda. Kaka yake mkubwa alikuwa na kifua cha mtu wa randa na msumeno. Vifungo vilikuwa vinaomba msaada.

Hakuweza kujua kama amelivaa kwa upendo au kwa mtego. Pengine hata yeye seremala hakujua.

Mwewe alikuwa kwenye kiti cha dirishani. Aligeuza uso kuelekea mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile kidevu chake hakikuinuka. Kilishuka, kikatulia usawa wa mtu.

"Shati hilo linakubana mabegani," alisema.

Seremala alibaki kizingitini. Alijitazama kifuani, akapitisha kiganja juu ya mistari, kutoka juu mpaka chini, polepole.

"Mama hataki ligawiwe," alisema. "Nikaona bora litembee."

"Ingia," Mwewe alisema. "Mshono wa bega unaachia. Chiriku atalitia uzi."

Chiriku aliinuka kwenda kutafuta sindano. Alifungua droo, akaipata, lakini uzi uligoma kupita tunduni, akaulamba, akajaribu tena. Nyuma yake alisikia kiti cha pili kikivutwa, kaka yake akikaa, na wanaume wawili hao wakinyamaza pamoja. Hakuna aliyeondoka.